Barua ya wazi kwa mbunge wetu wa Lubumbashi: kura zetu zihesabiwe hapa zilipopigwa

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Katuba, komini (wilaya) ya hapa mjini Lubumbashi. Nakuandikia wewe, siiandikii CENI, tume ya uchaguzi, maana CENI inahesabu namna sheria inavyoiamuru, na sheria mnaitunga ninyi kule Palais du Peuple, jumba la Bunge Kinshasa. Sheria ya uchaguzi ya 2006 imekwisha kuguswa mwaka 2011, 2015, 2017 na 2022. Sioni kwa nini isiguswe tena kabla ya 2028. Ombi langu kubwa ni moja: kizingiti kile cha asilimia moja ya kura za nchi nzima, kipimwe hapa kwetu.

Wakati wa kampeni mabango yanajaa huku kwetu. Sura kubwa, namba kubwa, na chini kabisa pembeni, herufi ndogo za chama au za muungano wa vyama. Mama anayeuza unga soko ya Kenya, komini ya hapa hapa mjini, hasomi zile herufi, anashika namba. Siku ya kura anaigusa kwenye mashine, sura inatokea, anathibitisha, karatasi inatoka, anaitia sandukuni. Anarudi nyumbani akijua amempa fulani. Sheria yenu lakini inasema kura ile ni ya orodha ya chama au ya muungano kwanza, mtu anafuata. Na orodha haiwezi kupewa hata kiti kimoja cha Lubumbashi kama haikupata walau asilimia moja ya kura zote za ubunge za Kongo nzima, toka Banana mpaka Kasenga.

Mwaka 2023 tulipiga kura watu milioni 18 hivi. Asilimia moja ya hapo ni kura zinazokaribia 180 000. Masharti hayo yaliletwa na sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2017, tukayaonja mara ya kwanza 2018.

Mimi nafundisha hesabu, kwa hiyo niruhusu nikupigie moja ya kubuni. Tuseme mji una viti 10, na orodha zilizovuka asilimia moja zimepata humu mjini kura 300 000 kwa pamoja. Unagawanya kwa 10: kiti kimoja kinagharimu kura 30 000. Orodha fulani ina 95 000, basi ina viti vitatu moja kwa moja, na kura 5 000 zinazobaki zinaingia kwenye mashindano ya mabaki makubwa, yaani viti visivyogawanyika vinakwenda kwa orodha zilizobakiwa na kura nyingi. Viti vitatu vile wanapewa watatu walioongoza ndani ya orodha. Wa kwanza ana 70 000, jina kubwa, anajulikana mpaka Ruashi. Wa pili ana 8 000. Wa tatu ana 4 000, naye anapanda ndege ya Kinshasa. Sasa mtazame kijana wa Katuba aliyepata kura 25 000 peke yake, na chama chake 30 000 mjini, lakini 60 000 tu nchi nzima. Hana kitu. Kura zake hazifiki hata kwenye kugawanya.

Hiyo ya wa tatu kubebwa na wa kwanza naweza kuimeza. Ndivyo ulivyo mara nyingi uwiano, yaani kugawa viti kwa kadiri ya kura za kila orodha, na una faida yake: bila huo, chama kimoja chenye nguvu kingefagia viti vyote vya mji. Ila hiyo ya kijana wa Katuba haipiti kooni. Ni sawa na timu yetu Mazembe ishinde mechi kwake Kamalondo, halafu mwamuzi aseme magoli yanasubiri kwanza matokeo ya Mbandaka.

Najua utajibu nini. Utasema vyama vimezidi. Kweli. Zamani kila Mkongomani alihesabiwa toka kuzaliwa mwanachama wa MPR, chama pekee cha rais Mobutu, apende asipende. Mobutu akafungua mlango tarehe 24 Aprili 1990, na kufikia uchaguzi wa 2023 vyama vilivyoandikishwa vilipita 900. Vingi ni mhuri, begi na bwana mmoja. Bunge la vyama 900 halitawaliki, na mimi sikuombi mlango ubaki wazi bila kizuizi.

Lakini angalia kizuizi hicho kimezaa nini. Vyama havikupungua. Vimejificha ndani ya miungano, na miungano mingine ina mwenyewe anayejulikana. Mwenye muungano ndiye anayeamua nani anaingia kwenye orodha. Kijana mwenye watu wake lazima aende kupiga magoti kwa bwana asiyejua hata Katuba iko upande gani, na siku ile ile jina lake linaanza kumbebea kura huyo bwana. Ugonjwa wa vyama haukutibiwa, umepata wadalali.

Na kuna hili, Mheshimiwa, ambalo nalisema kwa heshima. Kifungu cha 110 cha katiba kinasema mbunge akikiacha chama chake kwa hiari yake, anahesabiwa ameacha na ubunge. Ila mwishoni mwa 2020 tuliona wabunge wengi wa FCC, muungano wa rais wa zamani Kabila, wakivuka kwenda Union sacrée ya rais Tshisekedi, na mwezi wa kwanza 2021 Bunge lile lile, ambalo FCC ilikuwa na wengi ndani yake, likaiangusha serikali ya waziri mkuu Ilunga Ilunkamba. Kwenye kuhesabu kura zetu, orodha ni kubwa kuliko mtu. Kiti kikishapatikana, mtu anakuwa mkubwa kuliko orodha. Mchague moja.

Ninachoomba hakihitaji akili mpya, kwa kuwa kimo tayari ndani ya sheria yenu. Kwa wabunge wa jimbo (province) kizingiti ni asilimia 3, kinapimwa ndani ya jimbo. Kwa washauri wa komini ni asilimia 10, kinapimwa ndani ya komini. Ni sisi wa ubunge wa taifa tu tunaopimwa mbali na kwetu. Kipimeni basi hapa mjini, au ndani ya jimbo letu la Haut-Katanga, hata mkikipandisha kifike 3 au 5. Chama cha begi na mhuri kitaanguka vile vile. Kijana wa kura 25 000 ataingia kwenye hesabu. Na jina la muungano liandikwe kwenye bango na kwenye mashine kwa herufi ambazo yule mama wa unga anaweza kuzisoma.

Kifungu cha 130 cha katiba kinampa kila mbunge, hata akiwa peke yake, haki ya kuleta pendekezo la sheria. Huhitaji ruhusa ya mwenye muungano. Kikao cha mwezi wa 9 kinafunguliwa tarehe 15. Kabla ya hapo mna likizo ya Bunge, na likizo hiyo ni ya kuja kutoa ripoti kwa waliowatuma. Njoo Katuba, si hotelini mjini kati. Nitaleta ubao na chaki. Kama hesabu yangu ina kasoro, utaisahihisha mbele ya watu.

Wako,
Mwalimu wa hesabu, mpiga kura wa Katuba, Lubumbashi