Njooni na wachunga ng'ombe wenu

Shinyanga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, natumaini nanyi Kondoa hamjambo. Barua yako imenifurahisha sana. Unasema kikundi chenu kinataka niwaandikie mwongozo wa ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma, muusome mkutanoni. Nimelifikiria sana jambo hilo, na jibu langu ni moja: njooni.

Maelezo ya ngitili hayajazi hata ukurasa. Malisho yanafungwa mvua zikianza, hayachungwi hadi kiangazi kikali, kisha yanafunguliwa kipande kwa kipande. Kazi iko kwenye yale mengine. Nani anafunga? Ng'ombe wa jirani akikutwa ndani usiku, inakuwaje? Mjane asiye na mifugo anapata nini? Hayo wanayo wazee wa dagashida, baraza letu la jadi, na watawaeleza vizuri mkisimama nao pale pale mpakani.

Historia yetu unaijua: misitu ilifyekwa enzi za mkoloni ili kuua mbung'o, ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, nchi ikabaki tupu. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986, nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na miche ya miti ya kigeni. Mambo yalibadilika wataalamu walipoanza kuwauliza wazee zamani walikuwa wanafanyaje. Ngitili, zilizokuwa hekta 600 hivi wakati ule, zilikadiriwa kupita hekta 300,000 mradi ulipoisha mwaka 2004. Ujuzi ulikuwepo muda wote. Waliokuwa nao hawakuulizwa.

Ndiyo maana nakusihi, usije na mwenyekiti na katibu peke yao. Mlete kijana anayeshinda porini na ng'ombe. Mlete mama anayetafuta kuni. Semina nyingi wanakwenda wenye kalamu, na wenye fimbo na panga wanabaki nyumbani. Hilo linaniuma, maana mti unapona au unakufa mikononi mwa hao.

Tena wafugaji wenu wana sababu ya kuogopa. Mwaka 1979 HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, iliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka huko kwenu. Majani yalirudi, kweli, lakini mtu aliyeona zizi la baba yake likibaki tupu akisikia "hifadhi" lazima ashtuke. Waacheni waone kwa macho yao ng'ombe wakila ndani ya ngitili mwezi wa Agosti. Mimi sina maneno ya kuwashawishi kuliko hayo.

Na sisi tunahitaji kisiki hai chenu, ile njia ya kukuza miti upya kutoka kwenye visiki vyake. Kanuni tunaijua: chagua machipukizi machache yaliyonyooka, punguza mengine, funga kitambaa ili watu wajue mti unatunzwa. Lakini mama mmoja hapa alinionyesha kisiki cha mgunga shambani kwake, machipukizi yamesongamana, miba kila upande, akaniuliza mkono unaanza kuupitishia wapi. Nitafutie mtu wa kumjibu, mwenye panga lake, na akae naye asubuhi nzima.

Malazi msiwaze, mtalala majumbani kwetu. Nauli ndiyo tupange mapema. Niandikie mko wangapi na nani anahitaji mkalimani wa Kisukuma, maana wazee wawili wa dagashida hawapendi kusema mambo ya ngitili kwa Kiswahili.

Wako akupendaye,
Nduguyo wa Shinyanga