Mama Baraka, ni miguu ya yaya Bahati

Goma, Jumapili jioni

Mama Baraka wangu,

Jambo sana. Habari za huko Bukavu, Kadutu kwenu, na mgongo wa mama je? Sisi tupo. Miezi imepita sijakuandikia, unisamehe. Kuna neno ambalo sikujua nilianzie wapi.

Unakumbuka lile baka la yaya Bahati, kaka yangu mkubwa, mkononi, ambalo tulikuwa tunasema ni mba tu? Siku moja nilimkuta anaepua sufuria ya maharage kwenye mbabula, jiko letu la makaa, bila kitambaa. Hakushtuka. Mimi nilisikia harufu ya ngozi inaungua kabla yeye hajasikia chochote. Nikapiga kelele ndipo akatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Mahali pa kwanza tulipompeleka kutibiwa walimpa pomada, mara tatu, baka likabaki palepale. Pa pili muganga alimfumbisha macho akamgusa na pamba: unasikia hapa? Na hapa? Yaya kimya. Akampapasa kiwiko, mshipa wa fahamu umevimba kama kamba. Ukoma. Mama Baraka, niliishiwa nguvu.

Dawa ni bure, miezi 12, kwa kuwa mabaka yamepita matano. Siku ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu, akalia akidhani ni damu, kumbe ni dawa. Muganga anasema ukishaanza kumeza, baada ya muda mfupi huambukizi tena. Lakini mke wa yaya amemtengea sahani. Inaniuma! Mimi nakula naye bugali sinia moja, kila siku, na watoto wanaona.

Sasa miguu. Unaijua Goma, chini ni mawe ya volkano, makali kama chupa. Yaya anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Juzi kijiwe kiliingia kwenye kandambili yake asubuhi, kikamchimba unyayo mpaka jioni, naye hana habari. Kidonda kama kifuniko cha chupa. Dawa inaua vijidudu, ila mshipa uliokwisha kufa zamani haurudi, kwa hiyo macho yetu ndiyo yanasikia maumivu kwa ajili yake. Jioni analoweka miguu kwenye beseni dakika 30, tunasugua ngozi ngumu polepole, tunampaka vaselini kabla haijakauka, halafu nawasha tochi na kutazama kidole kwa kidole.

Ndiyo maana namwomba Papa Baraka amtengenezee sandale. Ndani sponji laini, chini mpira mgumu wa gari, na mkanda nyuma ya kisigino. Misumari hapana kabisa, ashone au agundishe, maana msumari ukitokeza yaya hatajua. Nimechora miguu yake kwenye karatasi, imo humu ndani. Azitume na boti, nitalipa.

Lakini si hilo tu lililonifanya niandike. Baraka alikaa kwetu mwaka mzima wa masomo, akilala chumba kimoja na yaya. Nimelala na neno hili usiku mwingi. Wengi hata wakiishi na mgonjwa hawaupati, mwili unajikinga. Ila ugonjwa huu unachelewa, miaka 5, wakati mwingine 20, kwa hiyo usiseme mbona ni mzima. Mvue nguo mchana kwenye mwanga, tazama mgongo, makalio, mikono. Halafu mpeleke kwa muganga useme wazi ameishi na mgonjwa. Kuna dawa ya kukinga, dozi moja, ambayo wanaweza kumpa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini mpeleke kwanza.

Ulishaona baka lolote kwake? Analalamika ganzi? Utampeleka lini, wiki hii? Papa Baraka anaweza kupata sponji huko, au nitafute hapa Birere? Na wewe, utakuja bado Pasaka, kama ulivyosema? Yaya ameuliza hilo mara mbili.

Nijibu hata mistari miwili.

Rafiki yako,
Mama Neema