Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Japani: familia zimeshakufungulia mlango, nenda Pyongyang

Mheshimiwa Waziri Mkuu, pokea salamu zangu. Mimi si Mjapani wala sina ndugu aliyepotea huko, ila hii ishu ya raia wenu waliotekwa na Korea Kaskazini naifuatilia siku nyingi na imefika mahali siwezi tena kukaa kimya.

Mwezi wa pili 2025 mzee Akihiro Arimoto alifariki akiwa na miaka 96, bado anamsubiri binti yake Keiko aliyepotelea Ulaya mwaka 1983. Mkewe alishatangulia 2020, na mwaka huo huo akafariki Shigeru Yokota, baba yake Megumi. Yaani kati ya wazazi wote wa wale ambao serikali yako inawatambua kwamba walitekwa na hawajarudi, amebaki mmoja tu, mama Sakie Yokota, mzaliwa wa 1936. Mmoja tu mheshimiwa.

Megumi alikuwa na miaka 13. Tarehe 15 Novemba 1977 alitoka mazoezi ya badmintoni shuleni kwao Niigata, akaagana na wenzake njiani, na nyumbani ni pale pale karibu, lakini hakufika. Jana yake tu ilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba yake na alimpa zawadi ya chanuo, yule mzee akalitunza lile chanuo miaka yote. Karibu miaka 20 wazazi wanaishi hawajui mtoto kazama baharini au kauawa au yuko wapi, mpaka 1997 ndo habari zikawafikia kwamba alichukuliwa na majasusi wa Korea Kaskazini.

Halafu tarehe 17 Septemba 2002 Kim Jong Il mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa Korea Kaskazini, akakiri mbele ya Junichiro Koizumi, waziri mkuu wenu wa wakati huo, na akaomba radhi, ila akasema waliobaki hai ni 5 na 8 wamekufa. Wale 5 walirudi mwezi uliofuata. Nyie Japani mnahesabu watu 17 waliotekwa, maana yake 12 hawajulikani waliko mpaka leo, na maelezo waliyopewa ndugu zao kwa kweli yanauma: eti makaburi yalisombwa na mafuriko, tarehe ya kifo cha Megumi ikatajwa kwanza 1993 halafu ikabadilishwa ikawa 1994, na 2004 wakaleta mifupa wakisema ndo yeye, Japani mkapima DNA mkasema siyo. Hata hivyo vipimo vyenu navyo baadhi ya wanasayansi walivitilia shaka na serikali ya Kaskazini kule Pyongyang ikapata pa kushikilia. Sasa mzazi gani atakubali matanga kwa ushahidi wa namna hiyo?

Korea Kaskazini nao wana madai yao kwenu, najua. Mliitawala Korea kuanzia 1910 mpaka 1945, watu wakachukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi migodini na viwandani, na hilo ni deni la kweli, lizungumzwe mpaka liishe. Lakini mtoto aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka shule halipi deni la mtu yeyote.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Mei 2014 mlikubaliana na Kaskazini kule Stockholm, Sweden, wao wakaunda kamati maalumu ya uchunguzi na Japani mkalegeza baadhi ya vikwazo, watu wakapata matumaini. Mwanzoni mwa 2016 Kaskazini wakalipua bomu la nyuklia na kurusha roketi, nyie mkaongeza vikwazo, wao wakaivunja kamati siku chache baadaye, basi ikaishia hapo. Makombora ya wakubwa yakawafuata watu ambao hata hawajui kombora limerushwa. Nasema wazi kabisa, kufunga faili la watu na faili la nyuklia kwa kamba moja ni kosa, kwa sababu la nyuklia halitaisha leo wala kesho na mama Sakie hana muda huo.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Familia zenyewe, ambazo kama kuna watu wana haki ya kukasirika ni wao, zilisema 2023 kwamba wote wakirudi kwa pamoja wazazi wakiwa bado hai hawatapinga Japani kupeleka misaada ya kibinadamu, na 2024 wakaongeza kwamba hata vikwazo vya Japani yenyewe vikiondolewa hawatapinga. Nimelifikiria sana hilo, kwamba mtu kanyang'anywa mwanae halafu anakubali aliyemnyang'anya asaidiwe ili mradi mtoto arudi. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa havimo mkononi mwako peke yako, sawa, lakini hivi vya kwenu vimo, kwa hiyo una kitu cha kuweka mezani na waliokuruhusu ni wenye uchungu.

Lile wazo la kufungua ofisi za mawasiliano Tokyo na Pyongyang familia hazilitaki, zinaogopa Kaskazini watalitumia kuvuta muda, na mimi naziunga mkono maana muda ndo kitu pekee ambacho hawana. Omba kukutana na Kim Jong Un uso kwa uso kama Koizumi alivyokutana na baba yake, ajenda iwe hii moja, na mezani uweke kile ambacho familia zimekubali kitolewe. Usibebe makombora kwenye safari hiyo, yana vikao vyake.

Korea Kusini nao wana watu zaidi ya 500 waliotekwa baada ya vita na hawajarudi, kwa hiyo ukifanikiwa wewe, wapo wengine watakaopata pa kuanzia.

Kabla hujaondoka nenda kwa mama Sakie, umwambie mwenyewe unakwenda lini na utamdai nini Kim, halafu ukirudi umpe majibu siku hiyo hiyo, hata kama ni mabaya.