Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wanachama waheshimiwa,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ichague suala moja na kulifuatilia kwa kina, badala ya kugusagusa mambo mengi kama ilivyokuwa desturi yetu. Tulichagua maji ya mvua ya Nairobi: yanakotoka, yanakopita, na kwa nini mafuriko huwarudia watu wale wale. Aliyekuwa jijini wakati wa mvua za masika za 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini tulilichagua suala hilo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kazi hiyo, na mambo mengine nitayapitia kwa haraka.

Anayeitazama Nairobi kupitia dirisha la matatu huiona kama mji tambarare, lakini ramani inasema vingine. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, ulio upande wa mashariki, uko mita 1,624. Mito yetu mikuu, yaani Mto Nairobi, Ngong na Mathare, hufuata mteremko huo kutoka nyanda za Kikuyu na Dagoretti hadi inapokutana na kuelekea Mto Athi. Magharibi mvua ni nyingi zaidi, udongo ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Mashariki ardhi hulala, na udongo mweusi huvimba ukishiba maji na kupasuka ukikauka. Maji mengi ya mvua inayonyesha magharibi hayana budi kupita mashariki, kwenye mitaa ya mabanda kama Mukuru na Mathare, hata siku ambayo huko chini hakujanyesha.

Tulipoziweka ramani za udongo na za mwinuko juu ya ramani za makazi, historia ya jiji ilijitokeza yenyewe. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji uliozaliwa kando yake ukagawanywa kwa rangi za watu: Wazungu wakapewa vilima vya magharibi, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa mashariki. Mpango Mkuu wa jiji wa mwaka 1948 uliukuta mgawanyiko huo na kwa kiasi kikubwa ukaujengea juu. Sheria za ubaguzi zimefutwa zamani, ila mteremko haukufutwa. Kwa maoni yangu, hakuna somo la jiografia ya binadamu lililo wazi zaidi ya hili kwa mwanafunzi wa Nairobi, na inasikitisha kwamba wengi humaliza shule wakijua zaidi kuhusu Mto Rhine kuliko kuhusu Mto Ngong.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilihusu kingo za mito. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwaamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na nyumba nyingi zikabomolewa. Lakini mita 30 kutoka wapi? Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinazungumzia ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, unaopimwa kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Ukikosa kuuona mstari wa kiwango hicho juu ya ramani, huwezi kupima chochote kutoka kwake kwa haki. Katika sehemu tulizozitembelea hatukumpata mtu aliyeweza kutuonyesha umechorwa wapi, na mwenye nyumba na mwenye tingatinga kila mmoja alikuwa na mto wake kichwani.

Ramani za kawaida za 1:50,000, ambazo sentimita mbili juu yake ni kilomita moja ardhini, hazikutusaidia sana katika hilo. Nyingi kati yake zina mistari ya kontua, yaani ya kuunganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ya kila mita 20, na bonde la Mathare, lililochimbwa mawe ya ujenzi kwa miaka mingi, linaweza kuficha jengo la ghorofa kadhaa kati ya mstari mmoja na mwingine. Picha za setilaiti nazo huonyesha mabati tu. Ikabidi tuwategemee wakaazi. Wazee na akina mama wanaouza karibu na madaraja walituonyesha alama za maji ukutani, wakatuambia ni mvua ya mwaka gani, na wanachama wetu wapima ardhi wakachukua urefu wa kila alama. Ushahidi wa wakaazi ulitofautiana mahali pengine kwa zaidi ya urefu wa mlango, jambo lililotulazimu kurudi na kuuliza upya. Rasimu ya ramani iko kwa katibu, na naomba isomwe kama rasimu.

Katika hili hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walijifunza kutumia vipokezi vya mawimbi ya setilaiti (GPS) wakachora mtaa wao, ambao ramani nyingi za umma ziliuonyesha kama nafasi tupu. Mwaka huo huo sensa ilihesabu huko watu takriban 170,000, ilhali makadirio yaliyokuwa yakirudiwa kila mahali yalifika milioni moja. Mtaa usiochorwa hukisiwa, na kila mtu hukisia kwa manufaa yake. Vilevile wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi na kurekodi njia na steji, na mwaka 2014 ramani ya zaidi ya njia 130 ikatolewa. Usafiri ulioitwa vurugu ukaonekana kuwa na mpangilio wake.

Ziara ya wanachama ilikwenda Mai Mahiu na Suswa, katika Bonde la Ufa. Huko Old Kijabe, ambako usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyozuiwa chini ya tuta la reli yalifumuka na kuua makumi ya watu, tulisoma korongo kwa kulinganisha ramani na ardhi. Kuhusu ufa mkubwa uliofunguka ardhini Suswa mwaka 2018, mjadala ndani ya basi ulikuwa mkali: wapo wanaouhusisha na kutanuka kwa Bonde la Ufa, na wapo wanaosema ni mvua iliyoosha majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaza nyufa za kale. Mimi naelekea upande wa pili.

Mwezi Agosti Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuacha ramani ya dunia ya Mercator ya mwaka 1569, ambayo huifanya Greenland ionekane karibu sawa na Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Baadhi yenu mlitaka chama kitoe tamko. Kamati iliona ni vyema zaidi kuzipa shule ramani za ukutani zinazohifadhi ukubwa halisi wa nchi, na tumeanza.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina. Itoshe kusema kwamba ada zinachelewa mno. Kamati inapendekeza kazi ya alama za mafuriko iendelee mwaka 2026, kwanza kando ya Mto Ngong kutoka Kibera hadi Embakasi, na kwamba fedha za ziara zitumike kununua kifaa kimoja cha upimaji badala ya kukodi. Pendekezo hilo litapigiwa kura kabla ya uchaguzi wa viongozi. Wenye picha za mafuriko ya zamani, hasa zinazoonyesha jengo au daraja linalotambulika, tafadhali wazipeleke kwa katibu kabla ya mvua za Machi, zikiwa na tarehe na mahali zilipopigwa.

Mwenyekiti
Nairobi