Malalamiko kuhusu kuuzwa kwa tuzo ya washindi wa chemshabongo

Mkurugenzi wa Vipindi,

YAH: KUUZWA KWA KUFULI LA WASHINDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mshindi wa msimu uliopita wa shindano lenu la chemshabongo, na tuzo niliyokabidhiwa mbele ya kamera ni lile kufuli la shaba lisilo na ufunguo. Kanuni za ushiriki mlizonitumia zilisema wazi kwamba hakuna zawadi ya fedha, bali mshindi atapewa tuzo "isiyopatikana kwa njia nyingine yoyote". Nilitia saini kwa kuamini maneno hayo.

Sasa kufuli hilohilo, kwa umbo, ukubwa na maandishi yaleyale, linauzwa katika duka lenu la mtandaoni, na tangazo lake linaliita "tuzo halisi ya washindi". Wageni wanaoliona kwangu huniuliza nimelinunua kwa bei gani. Nilipoiandikia idara yenu ya masoko, nilijibiwa kwamba mauzo hayo yanaikuza hadhi ya tuzo, jibu ambalo nakiri nililisoma mara mbili.

Tuzo ya ajabu haina thamani nyingine isipokuwa ugumu wa kuipata. Nchini Uingereza, washindi wa Countdown, kipindi cha chemshabongo cha televisheni kilichoanza mwaka 1982, hupewa buli la chai lililotengenezwa mahususi kwa ajili yao. Mabuli bora ya kupikia chai yako tele madukani, lakini hilo hulipati ila kwa kushinda. Bingwa wa Mastermind, chemshabongo nyingine ya huko iliyoanza mwaka 1972, huondoka na bakuli la kioo lililonakshiwa, wala hakuna anayehoji kwa nini si hundi. Hata Blankety Blank, michezo ya televisheni ya hukohuko, iliyogawa kitabu cha hundi na kalamu kama zawadi ya kifuta machozi, iliachia watangazaji wake waikejeli hadharani, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Ninyi mmechukua kitu cha mzaha, mkakipa heshima kwa misimu kadhaa, kisha mkaiuza heshima hiyo bila kuwauliza waliokwisha kuitolea jasho.

Lipo pia jambo linalonikera zaidi. Chini ya kufuli langu kuna kibandiko cha namba ya bidhaa, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye tangazo la duka. Naomba mnieleze kwa maandishi iwapo nilikabidhiwa tuzo, au bidhaa iliyochukuliwa rafuni asubuhi ya kurekodi kipindi.

Ninachodai si fidia ya fedha. Nadai maneno "tuzo halisi" yaondolewe kwenye tangazo mara moja, na makufuli ya kuuza yatengenezwe kwa ukubwa tofauti, yakiwa na neno "nakala" mahali panapoonekana. Aidha, nadai kila mshindi, wakiwemo wa misimu iliyonitangulia, achongewe jina lake na msimu alioshinda kwa gharama ya kampuni. Waliokwisha kununua wabaki nayo. Wao hawana kosa.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitawasilisha nakala ya kanuni za ushiriki, pamoja na picha ya tangazo na ya kibandiko, kwa mamlaka inayosimamia utangazaji.

Wako mwaminifu,
Mshindi wa msimu uliopita