Mtaalamu wa lishe aulize tunakula nini kabla ya kutupandisha kwa mizani

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu hii tabia ya kliniki nyingi hapa Nairobi, mtu mnene akienda na shida yoyote, iwe goti, iwe kichwa, iwe presha, jibu la kwanza ni "punguza uzito", anapewa karatasi ya fotokopi yenye orodha ya vitu vya kuwacha kula na mazungumzo yameisha. Hiyo si huduma. Mtu mnene anafaa aketi chini na mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, asikilizwe, aulizwe maisha yake yakoje, na maendeleo yake yaangaliwe kwa sukari na presha na nguvu za mwili, kilo zisiwe ndio habari yote.

Dada yangu mkubwa ana kisukari, hii ya aina ya pili, na anauza mitumba Gikomba. Kliniki aliyokuwa anaenda mizani iko kwa koridoo, unavua viatu unapanda watu wakikuangalia, anayepima anaita kilo kwa sauti ndio mwenzake wa mezani aandike, halafu unaambiwa "mama, umeongeza tena". Akaanza kuruka tarehe za kliniki, na ukiruka kliniki unaruka dawa, sukari ikapanda mpaka nyayo zikawa zinachoma usiku kucha. Sasa hiyo aibu ilimsaidia nani? Kuna watu wanaamini kabisa ukimwaibisha mtu mnene atabadilika. Atabadilisha kliniki, ama akae nyumbani augue.

Alipokuja kupata nutrishonisti wa maana kwa hospitali nyingine ya umma, kijana tu, swali la kwanza halikuwa kilo. Alimuuliza, "Mama, unatoka nyumbani saa ngapi na unakula saa ngapi?" Ndio ikajulikana anatoka alfajiri kuwahi marobota yakifunguliwa, anashinda na chai na mandazi moja ati anajinyima ndio apungue, jioni akifika njaa imemkaba anakula ugali ya watu wawili. Na dawa amemeza asubuhi! Kuna dawa za sukari ambazo ukimeza usipokula, sukari inashuka mpaka unatetemeka, jasho linakutoka, unaweza anguka hapo hapo sokoni. Ile karatasi ya fotokopi ingejuaje hayo.

Na hiyo njaa ya jioni watu huita ulafi, mimi nakataa. Mwaka wa 1944 hadi 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya nzuri kwa karibu miezi sita. Wakawa wanawaza chakula tu mchana na usiku, na walipofunguliwa kula wengine walikula na kula na bado hawatosheki. Hao ni vijana waliochaguliwa kwa sababu wana afya na akili timamu, kwa hivyo mama wa Gikomba akishindwa kujizuia saa mbili usiku baada ya kushinda njaa, mwili wake unafanya kile mwili wa mtu yeyote ungefanya.

Huyo kijana hakumkataza ugali. Alimwambia apunguze kiasi, aongeze madondo, yaani maharagwe, ama ndengu kando, na mboga kama managu na terere zichukue nusu ya sahani, kwa sababu nyuzinyuzi na protini zinafanya sukari ipande pole pole kwa damu. Asubuhi asitoke bila kula, abebe githeri kwa mkebe, hiki chakula chetu tunachodharau kumbe ni cha bei nafuu na kinashikilia tumbo. Matunda ayale yenyewe badala ya kunywa juisi. Akimaliza kula jioni atembee kidogo, maana misuli ikifanya kazi inatumia sukari, na inasaidia hata kama kilo hazijasonga. Pia aliuliza pesa ya chakula ni ngapi kwa siku na nani anapika, swali ambalo sijawahi sikia likiulizwa kwa kliniki yoyote. Leo kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kimeshuka vizuri. Nguo anazovaa ni saizi ile ile.

Tena hakuna haja ya mtu kupewa dayati ya vyakula ambavyo hajawahi viona soko la Burma wala Marikiti, mwaka wa 2018 serikali yetu pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa majedwali ya vyakula vya Kenya na virutubishi vyake, kazi imeshafanywa, itumike.

Sasa najua kuna daktari atasoma hii aseme nadanganya watu. Sisemi uzito hauhusiani na ugonjwa. Kisukari, magoti, kukatika pumzi usingizini, vyote vinahusiana na uzito. Na kuna wagonjwa lazima wapimwe, mwenye moyo uliodhoofika kwa sababu kilo zikiruka ghafla ni maji yamejaa mwilini, anayesafishwa figo, mama mjamzito, mtu anayepewa dawa ambayo dozi inategemea uzito. Wapimwe, lakini kwa faragha na waelezwe ni kwa nini. Ninachosema ni kwamba kuna mengi ya kutibu bila kungoja kilo zishuke kwanza. Mfano ni utafiti wa DASH wa Marekani uliochapishwa 1997, watu wazima 459, wale waliolishwa matunda na mboga kwa wingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi kwa wiki nane presha ilishuka, na wenye presha ya juu ndio ilishuka zaidi, na watafiti walihakikisha kwa makusudi uzito wao haubadiliki. Kwa hivyo kumwambia mtu "rudi ukishapungua" ni kumnyima kitu kinachoweza kumfaa leo.

Tukiwa kwa presha, wahudumu tafadhali angalieni ile kitambaa ya kufunga mkono. Ikiwa ndogo kwa mkono mnene inasoma presha juu kuliko ilivyo, yaani mtu anaweza wekewa dawa ya presha ambayo hana! Kliniki ikose rangi mpya ya ukuta lakini iwe na saizi kubwa ya hiyo kitambaa, na viti visivyo na mikono ya kumbana mtu.

Na mtu asiposikilizwa kliniki anaenda wapi? Anaenda mjini kununua chai ya kupunguza tumbo. Nyingi ya hizo chai zina sena, dawa ya kuharisha, kinachotoka ni maji na choo, mafuta yako pale pale, na pesa imeenda. Wengine wanalipa mtu wa mtandaoni anayejiita nutrishonisti kwa sababu yeye mwenyewe alipungua. Tangu 2007 tuna sheria ya wataalamu wa lishe, na taasisi ya KNDI ndio inawasajili na kuwapa leseni, kufanya hii kazi bila usajili ni kosa. Msomaji, kabla hujatoa hata shilingi uliza namba ya usajili, mwenye ako nayo hatakasirika. Na ukikaa mbele yake una haki ya kusema leo sitaki kupanda mizani, tuanze na chakula.

Kwa Kaunti ya Nairobi na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ombi langu ni hili. Tuambieni wazi ni vituo gani vya afya mitaani vina mtaalamu wa lishe na siku gani yuko, na nani analipa mtu akitaka kumwona zaidi ya mara moja, kwa sababu haya mambo hayaishi kwa dakika tano. Na hizo mizani za koridoo ziingizwe ndani ya chumba chenye mlango. Hiyo haihitaji bajeti, inaweza fanywa Jumatatu asubuhi.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi