Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Babu Daktari, Siku ya Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, Babu yetu Daktari; Bibi yetu uliyeongozana naye; Mkuu wa Shule; wajumbe wa Bodi; walimu; wazazi na walezi; wahitimu na wanafunzi wenzetu: shikamooni. Na kwa wazazi mlioondoka vijijini alfajiri, mwadila.

Mgeni rasmi, tunaanza kwa kuomba radhi. Mwalimu mlezi alitutuma nyumbani kwako tukachukue wasifu wako. Ulitupa mistari minne: ulizaliwa Usukuma, ukasoma, ukawa daktari wa upasuaji, ukastaafu. Kisha ukaenda kulala. Bibi akarudishia mlango wa chumba chako taratibu, akatumiminia chai, na tulipoaga saa kumi na mbili jioni daftari lilikuwa limejaa. Kwa hiyo mengi utakayoyasikia hayakutoka kwako. Kama kuna palipokosewa, kesi iko nyumbani.

Hapa mjini watu husimulia kwamba ulijifunza kushona wagonjwa kwa kushona nyavu za baba yako. Bibi anasema huo ni uongo mtamu. Baba yako alilima pamba, na wewe mpaka leo ukipanda mtumbwi unashika kingo kwa mikono yote miwili. Ada yako ililipwa na pamba. Mwaka wa bei nzuri ulirudi shule na viatu, mwaka wa bei mbaya ulirudi peku.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipofunguliwa mwaka 1971, ulikuwa bado unasomea udaktari Dar es Salaam. Uliposhuka kwenye treni likizo hiyo, baba yako alikuonyesha jengo lile kilimani, akauliza kama ndiyo ofisi yako. Haikuwa. Ulipangiwa wilayani kwanza, na miaka mingi ukawa daktari pekee wa kisu kwa safari ya siku nzima. Ngiri, kidole tumbo, uzazi uliokwama, mguu uliovunjika, mkono ulioumwa na mamba: vyote vilikuwa vyako.

Katika daftari letu kuna ukurasa mzima kuhusu glavu. Wahitimu wa leo tunaona glavu zikivaliwa mara moja na kutupwa. Miaka ya themanini, sabuni yenyewe ilipokuwa ya foleni, glavu zilifuliwa, zikajazwa maji ili kuona kama zimetoboka, zikaanikwa kwenye kamba, zikapakwa poda, zikapikwa kwa mvuke, zikavaliwa tena. Binti yako mkubwa anakumbuka alipokuletea chakula akazikuta zimening'inia nyuma ya chumba cha upasuaji, vidole vikicheza na upepo. Alikimbia hadi nyumbani akilia kwamba baba anakata watu mikono na kuianika.

Watoto wako, Babu, walikuona zaidi getini kuliko mezani. Jioni walikuletea madaftari ya hesabu, ukayasahihisha ukiwa umesimama, shuka la mgonjwa begani. Tuseme ukweli, kwa kuwa Bibi alifundisha hisabati katika madarasa haya haya: nusu ya masahihisho yako yalikuwa na makosa, naye akiyafuta usiku bila kukwambia. Leo umeambiwa. Kati ya watoto sita hakuna aliyekuwa daktari. Tulipomuuliza Bibi kama hilo liliwahi kukuuma, alicheka, akasema ulikuwa umechoka kuamshwa usiku, hukutaka kumwachia mtu urithi wa namna hiyo.

Lakini Jumamosi ilikuwa yao. Siku hiyo ulikwenda mwaloni, soko la samaki la ufukweni, mwenyewe, ukachagua sato, ukarudi kuwatengeneza mwenyewe. Samaki mmoja dakika arobaini! Mafuta yanaungua, watoto wanalia njaa, wewe unatafuta mwiba wa mwisho kama unayetafuta risasi. Bibi anasema hakuna mtoto wake aliyewahi kukwamwa na mwiba, na hakuna aliyewahi kula chakula cha mchana kabla ya saa tisa.

Jambo moja Bibi alilisema kwa sauti ya chini, nasi tuliuliza kama tunaruhusiwa kulisoma. Aliruhusu.

Usiku mmoja simu ya upepo ilisema mtoto anakuja kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo. Mgonjwa wa namna hiyo uchafu wa utumbo humwagika tumboni, na kila saa inayopita inamlia nafasi ya kupona. Ulikuwa umehamia mjini tayari. Ulimwamsha mtu wa nusu kaputi, ukaandaa vyombo, maji ya kunawa yakachemshwa. Gari lilifika ufukweni pantoni ikiwa imeshalala. Maji yakapoa, yakachemshwa tena, yakapoa. Asubuhi gari lilivuka na mtoto akiwa ameshafariki. Ulitoka ukakaa na mama yake kwenye benchi mpaka ndugu zake walipofika. Huko nyumbani hukusema neno siku mbili.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hukuhudhuria sherehe. Ulingoja watu wapungue, ukamwomba kijana wako akuvushe. Kilomita tatu. Ulitazama saa mlipoanza na mlipomaliza, hukusema kitu, ukamwomba ageuze gari mrudi. Mlivuka mara nne siku hiyo. Kijana alidhani babake amefurahia upepo.

Mgeni rasmi, klabu yetu ina wanachama 43 na ilianza kwa kuchemsha maji ya kunywa jikoni, kwa sababu homa ya matumbo ni jirani wa kila anayeishi na ziwa hili. Siku moja ulipita hapa kumsalimia mwalimu, ukaonja maji ya pipa letu, ukauliza yamechemka kwa muda gani. Tulisema yametoa povu. Ulimwaga yote mbele yetu. Tulikasirika sana, kuni zilikuwa zimeisha. Tangu siku hiyo tunangoja yatokote kweli.

Matatizo yetu ni ya kawaida na hatutayarefusha: tanki la maji ya mvua lina ufa, na sanduku la huduma ya kwanza lina mkasi na bandeji moja. Wazazi mliokuja na bahasha mmesikia.

Ombi letu kwako ni dogo. Hatuombi fedha, Bibi ameshatuonya kuhusu pensheni. Tunaomba Jumamosi moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya mwaloni, uje utufundishe kufunga jeraha na kufunga fundo lisilofunguka. Tumeanza kujifunzia kwenye maganda ya ndizi na yanachanika.

Leo, baada ya kugawa vyeti, kuna meza pale chini ya mwembe. Juu yake kuna mguu wa mbuzi uliochanwa, sindano na uzi. Mbuzi ni wa mchana, wapishi wanausubiri, kwa hiyo tunakusihi usitumie dakika arobaini.

Karibu sana, Babu. Wabeja, asante.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Afya.